Sura ya Tano: Harusi ya Kipupwe katika Bonde la Kilombero

Kipupwe ni majira ya baridi yanayoingia masika yanapokoma, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na kuisha Agosti jua linapoanza kurudisha ukali wake. Katika miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, mvua hukatika, na katika vijiji vya Kidatu, vilivyokaa kati ya mashamba ya miwa na safu ya milima ya Udzungwa, joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa mkazi wa kaskazini mwa Ulaya majira ya baridi ni wakati wa theluji na giza la mapema, na anayeoa wakati huo hutumia sehemu kubwa ya mipango yake kutafuta namna ya kuwakinga wageni na hali ya hewa. Katika Bonde la Kilombero mambo ni kinyume, kwa kuwa baridi ndiyo inayofungua njia, kukausha viwanja na kujaza ghala, na kwa sababu hiyo kadi za mialiko hurundikana Julai kiasi kwamba kaya moja huweza kudaiwa michango ya harusi mbili au tatu kwa mwezi.

Wepesi huo, hata hivyo, una bei yake. Kipupwe huikutanisha harusi na mavuno, na mavuno ndiyo wakati ambapo anachouza mkulima kina bei ya chini kabisa, ilhali anachokodi bwana harusi, kuanzia ukumbi hadi magari, kina bei ya juu. Sura hii inaeleza jinsi majira, mazao, dini na sheria vinavyoipangia tarehe harusi ya Kidatu, Mang'ula au Ifakara. Hoja yake kuu ni kwamba, kabla ya kuhesabu wageni na kuchagua rangi ya mapambo, familia inapaswa kukubaliana ni mpunga wa nani utakaouzwa, kiasi gani, na mwezi gani.

Maji yanapopungua

Bonde la Kilombero hupata mvua ya milimita 1,200 hadi 1,400 kwa mwaka, na miteremko ya Udzungwa hupata zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Desemba na Mei, ikafikia kilele Machi na Aprili, wakati mito inayoshuka milimani inapofurika na kuligeuza bonde kuwa ziwa la kina kifupi. Eneo hilo la mafuriko limeingizwa tangu 2002 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu wa pekee, na ni mafuriko hayohayo yanayoupa mpunga rutuba na kumnyima mpangaji wa harusi uhakika. Masika ya 2024, maji yalipoingia katika makazi ya watu Ifakara, yaliwakumbusha wengi kwa nini wazee hawapendi tarehe za Aprili.

Njia zimekuwa bora kuliko zilivyokuwa kizazi kimoja nyuma. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa rasmi Mei 2018 juu ya Mto Kilombero, limeondoa utegemezi wa pantoni kati ya Ifakara na Ulanga, na kazi ya kuweka lami kati ya Kidatu na Ifakara imebadilisha safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Pamoja na hayo, wageni wengi hawatoki barabara kuu, bali hutoka vitongojini na mashambani, ambako gari dogo hupita tu udongo unapokuwa umekauka.

Kikwazo kingine cha masika hakionekani katika ramani. Familia nyingi za wakulima wa bondeni huhama nyumba zao za kijijini msimu wa kilimo na kuishi shambani, katika vibanda na madungu, yaani vichanja vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambavyo mlinzi hukaa akifukuza ndege na nguruwe pori. Anayepanga harusi Machi hualika kijiji ambacho nusu ya watu wake hawako nyumbani, na hata wakija, huja wakiwa wameacha mpunga unaochanua bila mlinzi. Juni mpunga unapokuwa umevunwa, ukapurwa na kupepetwa, watu hurudi majumbani, shule hufunga kwa likizo ya katikati ya mwaka, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba ukoo wote huweza kukutana mahali pamoja.

Mpunga, miwa na thamani ya gunia

Uchumi wa Kidatu husimama juu ya mazao mawili yasiyolingana mwendo. Mpunga huvunwa mara moja, kwa kawaida kati ya Mei na Julai, na fedha yake hupatikana siku yoyote mkulima anapoamua kuuza. Miwa hufuata ratiba ya kiwanda: Kampuni ya Sukari ya Kilombero, iliyoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kubinafsishwa 1998, ina viwanda vya Msolwa na Ruembe, kila kimoja kwa upande wake wa Mto Ruaha Mkuu, ambavyo husimama masika kwa matengenezo na kuanza kusaga tena ardhi inapokauka, kwa kawaida karibu na Juni, hadi mvua zinapoyazuia magari ya kubeba miwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mkulima mdogo anayeiuzia kampuni kupitia ushirika wake halipwi siku miwa inapokatwa, kwa sababu mzigo hupimwa uzito na kiwango cha sukari, kisha hukatwa gharama za uvunaji, usafirishaji na mikopo, na kinachobaki humfikia baadaye. Hivyo mwenye miwa anayetegemea kulipia harusi ya Juni kwa fedha ya Juni huenda akajikuta anakopa, wakati fedha yake mwenyewe ingali njiani.

Kwa mwenye mpunga hatari ni ya aina nyingine. Wakati wa mavuno soko hufurika, wanunuzi huja na malori hadi vijijini, na bei hushuka. Kuanzia Desemba hadi Machi, ghala zinapokuwa tupu na shamba jipya halijaiva, bei hupanda. Kiwango cha kupanda hutofautiana mwaka hadi mwaka, lakini hesabu yake ni rahisi kueleweka. Ikiwa bei ya gunia Januari ni mara moja na nusu ya bei ya Juni, familia iliyouza magunia kumi Juni ili kulipia sherehe imepata fedha ambayo magunia yasiyofika saba yangeleta Januari, maana yake zaidi ya magunia matatu yamepotea bila mgeni yeyote kuyala. Mnunuzi akifungasha lumbesa, yaani gunia lililorundikwa kupita ujazo wake halali, hasara huwa kubwa zaidi.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalihesabu ni kwamba chakula chenyewe hakimalizi ghala. Mchele mkavu wa gramu 200 kwa kila mtu ni kipimo cha ukarimu, na kwa wageni 300 hufika kilo 60. Kwa kuwa kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele, wali au pilau ya ukumbi mzima hutoka katika kilo 100 hivi za mpunga. Hata wakiongezwa majirani wanaolala kwenye shughuli, wapishi, na ndugu wanaokaa siku mbili baada ya harusi, magunia matatu yanatosha, na katika bonde linalolima supa, shingo ya mwali na SARO 5, mbegu iliyoboreshwa na watafiti, hakuna haja ya kununua mchele wa dukani. Kinachomaliza magunia mengine yote ni vitu visivyoliwa: ukumbi, mapambo, video, suti na gauni la kukodi, magari, muziki, na malipo ya mshereheshaji, yaani mtu anayeongoza ratiba ya sherehe kwa kipaza sauti.

Kutokana na hesabu hiyo hutokea kanuni ya kwanza ya harusi ya kipupwe, kwamba mpunga uliwe harusini kadiri inavyowezekana na uuzwe kidogo kadiri inavyowezekana. Familia inayoweza kupunguza gharama za vitu vya kukodi hulinda mpunga wake; isiyoweza, hupata nafuu kwa kusogeza tarehe hadi mwishoni mwa Agosti au Septemba, wakati ambapo njia bado ni kavu, malipo ya kwanza ya miwa yamekwisha kuonekana, na mpunga umeuzwa kidogo kidogo badala ya kumwagwa sokoni kwa wiki moja. Kuhifadhi nako kuna mashaka yake, kwa kuwa panya na unyevu hupunguza mzigo, na bei ya Januari inaweza isipande ilivyotarajiwa ikiwa mchele mwingi utaingia sokoni kutoka kwingineko. Hata hivyo mpunga wenye maganda huvumilia wadudu kuliko mahindi, na mwenye ghala kavu ana hiari ambayo aliyeuza yote hana tena.

Tarehe katika kalenda ya dini na ya sheria

Kwa Wakristo kipupwe kina unafuu wa wazi. Kwaresima, mfungo wa siku 40 unaoitangulia Pasaka, huangukia kati ya Februari na Aprili, na makanisa mengi hayafungishi ndoa za shangwe katika kipindi hicho. Majilio, yaani majuma manne ya kujiandaa kwa Krismasi, humalizia mwaka. Juni, Julai na Agosti ziko nje ya vipindi hivyo viwili, na parokia za Jimbo la Ifakara, lililoanzishwa 2012, huweza kupokea maombi ya ndoa karibu kila Jumamosi. Unafuu huo huzaa msongamano: wachumba wanaotaka tarehe moja hugawiwa saa, au hufungishwa ndoa kadhaa katika misa moja, na kwa kuwa jina la kila mchumba hutangazwa kanisani Jumapili tatu kabla ya ndoa, na mafundisho ya ndoa huchukua majuma kadhaa kabla ya hapo, anayemwendea paroko Juni kwa harusi ya Julai huwa amechelewa.

Kwa Waislamu hesabu hubadilika kila mwaka, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi na Ramadhani husogea mapema kwa kiasi hichohicho. Kati ya 2011 na 2016 mwezi wa mfungo uliangukia wote ndani ya Juni, Julai na Agosti, na harusi za mavuno zikalazimika kusubiri Idi ipite au kukimbilia Shaabani, mwezi unaoitangulia Ramadhani. Miaka michache baada ya hapo kipupwe kilikuwa huru, na kitaendelea kuwa huru hadi mwanzoni mwa miaka ya 2040, Ramadhani itakapoanza kurudi katika miezi hiyo. Familia zilizochanganya dini, ambazo si chache katika mji wa kiwanda uliovuta wafanyakazi kutoka Iringa, Mbeya, Songea na pwani, hulazimika kuweka kalenda zote mbili mezani kabla ya kutaja tarehe.

Sheria ya nchi nayo ina siku zake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wanaokusudia kuoana kutoa taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulieleza. Sheria hiyohiyo inatamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa, na kipengele hiki kina uzito wa kiuchumi kuliko kinavyoonekana. Wazazi wanaojua kwamba salio la mahari linaweza kulipwa baada ya ndoa, jambo ambalo hata katika Uislamu huruhusiwa kwa makubaliano, hawana sababu ya kumsukuma bwana harusi auze magunia yake Juni. Wanaweza kukubali kwamba salio litalipwa Januari bei itakapokuwa imepanda, na mshenga, yaani mjumbe wa posa aliyetumwa na upande wa mume, ndiye mwenye nafasi ya kulisema hilo bila mtu kuona aibu.

Kamati na michango

Harusi ya Tanzania huendeshwa na kamati, ambayo ni kundi la ndugu, marafiki na majirani wenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na wakati mwingine vikundi vidogo vya chakula, vinywaji, usafiri na mapambo. Kila mwalikwa hupewa kadi ya mchango, hutaja ahadi, yaani kiasi anachokusudia kutoa, kisha hukumbushwa kwa simu na katika makundi ya WhatsApp hadi alipe. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea nchini kuanzia 2008, mchango humfikia mhazini bila mchangiaji kusafiri. Mfumo huu si sadaka. Anayetoa leo huandikwa daftarini na hutarajia kutendewa vivyo hivyo mwanawe atakapooa, na kwa hiyo mchango ni namna ya kuweka akiba kwa watu, yenye faida na hasara zote za akiba ambayo haiwezi kuchukuliwa kabla ya siku yake.

Kipupwe huupa mfumo huo nguvu na kuubebesha mzigo kwa pamoja. Wachangiaji wana fedha kwa sababu wamevuna, lakini wamevuna wote kwa wakati mmoja na wanadaiwa na kamati kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo nao hulazimika kuuza mpunga kwa bei ya chini ili kutimiza ahadi. Kamati yenye busara hulikabili tatizo hilo kwa kupokea michango ya vitu: debe la mchele, kuku, kuni, siku mbili za kupika, gari la kubebea viti. Baadhi ya kamati za mjini huona aibu kufanya hivyo, kana kwamba mchele ni mchango wa maskini, lakini anayetoa debe la mchele ametoa thamani kamili ya jasho lake, wakati anayeuza debe hilo ili alete noti amekwisha kumwachia dalali sehemu yake. Mchele unaozidi mahitaji ya sherehe unaweza kuwa zawadi ya kwanza ya nyumba mpya.

Kwa harusi ya Jumamosi ya mwisho wa Julai, kazi hugawanyika kwa kurudi nyuma. Posa na makubaliano ya mahari humalizika kabla ya mvua kubwa, Januari au Februari, na ukumbi pamoja na muziki huwekewa malipo ya awali wakati huohuo, kabla tarehe za Julai hazijachukuliwa. Machi na Aprili kamati hukutana kwa simu zaidi kuliko kwa miguu, na kadi za michango husambazwa ili mchangiaji apange mapema; Mei wachumba hukamilisha mafundisho, na Juni hutoa taarifa kwa msajili. Mafungu ya fedha hukusanywa Juni na Julai, na kicheni pati, yaani hafla ya wanawake ya kumfunda bibi harusi na kumpa vyombo, hufuatwa na sendofu, sherehe ya upande wa bibi harusi ya kumuaga. Mipango si matumizi, wasemavyo Waswahili, na mhazini anayejua hilo huacha fungu la dharura ambalo halikupewa jina mwanzoni, kwa sababu ahadi zote hazilipwi.

Siku yenyewe

Tatizo ambalo halijulikani kwa wapambaji wanaotoka Dar es Salaam ni majivu. Mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kukatwa ili kuondoa majani makavu, na majivu meusi hupeperushwa na kusi hadi kutua juu ya shela, keki na vitambaa vyeupe vya meza. Kwa kuwa uchomaji huambatana na uvunaji, harusi ya Kidatu iliyoandaliwa chini ya turubai lisilo na kuta hufaa iwe na rangi zinazovumilia, au ihamishiwe ndani, na kamati inaweza kuuliza ushirika wa wakulima wa jirani ni shamba lipi limepangiwa kuvunwa wiki hiyo. Barabarani nako matrekta na malori ya miwa hupunguza mwendo wa msafara, na matarumbeta yanayotangulia gari la maharusi hupiga muda mrefu kuliko yalivyolipwa.

Mwanga pia huhitaji hesabu. Milima ya Udzungwa iko upande wa machweo, na kutoka Kidatu hadi Mang'ula kivuli chake hulifunika bonde kabla jua halijazama; mpiga picha aliyezoea kusubiri saa 12 jioni hukuta mwanga umekwisha. Ndoa ya saa 4 asubuhi, au saa 6 mchana kwa kuchelewa kabisa, huacha nafasi ya picha za nje, na wanaotaka maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, wakumbuke kwamba yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa 1992 na kuyafikia huhitaji kibali, ada na kupanda kwa miguu, jambo ambalo viatu vya harusi haviwezi.

Usiku wa kipupwe huwaumiza wazee na watoto kuliko wageni wanavyodhani, na chakula hupoa haraka. Familia zenye uzoefu huandaa chai ya tangawizi na supu baada ya saa 3 usiku, huwapa wazee nafasi mbali na upande wa upepo, na hufupisha hotuba. Mbu hupungua lakini hawaishi, kwa kuwa anofelesi wa aina ya funestus huendelea kuzaliana katika maji ya kudumu wakati madimbwi ya mvua yamekauka, kama watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walivyoonyesha. Wageni wanaolala kijijini wanahitaji vyandarua Julai kama walivyovihitaji Aprili. Jenereta ya akiba nayo haipaswi kusahaulika, hata katika mji ulio jirani na bwawa la Kidatu, ambalo tangu 1975 limekuwa likizalisha umeme kwa gridi ya taifa.

Baada ya sherehe

Kamati huvunjwa kwa mlo wa pamoja na taarifa ya mapato na matumizi, na kwa kawaida hapo ndipo hesabu ya harusi inapofungwa. Hesabu ya kaya mpya huendelea hadi mvua zinazofuata. Desemba wanandoa watahitaji mbegu, fedha ya trekta na vibarua wa palizi, na kati ya Januari na Machi, wakati chakula ni ghali na shamba halijaiva, watakula kile walichobakiza au watakopa kwa dhamana ya mavuno yajayo. Mkopo wa namna hiyo, ambao mkopeshaji hulipwa kwa mpunga wa bei ya Juni, huweza kuifanya harusi ya Julai idai kaya kwa misimu miwili au mitatu.

Kwa sababu hiyo kipimo cha tarehe nzuri hakipatikani ukumbini. Kamati inayokutana kwa mara ya kwanza Februari ingefanya vyema kumtaka bwana harusi na bibi harusi wataje kwanza idadi ya magunia ambayo hayataguswa kwa ajili ya sherehe, iiandike juu ya orodha ya matumizi kabla ya ukumbi na keki, kisha ipange harusi kwa kinachobaki. Ikiwa kinachobaki hakitoshi harusi ya Julai, bado kuna Agosti na Septemba, na ikiwa hakitoshi hata hapo, ndoa yenyewe yaweza kufungwa kanisani, msikitini au kwa msajili kwa gharama ndogo sana, na karamu ikasubiri mavuno mengine.